Programu za Kukumbusha Mapumziko: Jinsi ya Kuzipanga ili Mikono Isiumizwe na Kompyuta

Mtu anayeandika kwa kompyuta siku nzima hawezi kutegemea hisia zake peke yake zimwambie wakati wa kupumzika. Akili ikishazama katika kazi, mwili hunyamaza; saa moja na nusu hupita, mabega yamepanda karibu na masikio, vifundo vya mikono vimepinda, na maumivu huja kujitokeza usiku, wakati kazi iliyoyaleta imeshasahaulika. Programu ya kukumbusha mapumziko iliundwa kuziba pengo hilo: huhesabu muda ambao mikono imekuwa kazini, kisha humsimamisha mtumiaji kabla misuli haijachoka kupita kiasi. Ni chombo rahisi, na kwa kuwa ni rahisi watu wengi hukisakinisha kwa dakika tano, hukiacha na vipimo kilivyokuja navyo, hukerwa nacho, kisha hukiondoa kabla wiki haijaisha. Mimi pia nilikiondoa mara ya kwanza. Nilikirudia miezi kadhaa baadaye, baada ya dole gumba la mkono wa kulia kuanza kuuma kila nilipozungusha kitasa cha mlango, na hapo nikaelewa kwamba kusakinisha ni sehemu ndogo tu ya kazi. Sehemu kubwa ni kuipanga programu ilingane na kazi na mwili wa anayeitumia.

Kinachoumia, na kwa nini

Maumivu yanayozungumziwa hapa hujulikana kwa herufi tatu, RSI (kifupi cha Kiingereza repetitive strain injury). Si ugonjwa mmoja, bali ni jina la jumla la madhara yanayoipata misuli, kano na mishipa ya fahamu kutokana na miondoko ileile kurudiwa mara nyingi, au kutokana na kiungo kushikiliwa katika hali moja kwa muda mrefu. Si jambo lililoletwa na kompyuta. Mwaka 1700 daktari wa Kiitaliano Bernardino Ramazzini aliandika kuhusu makarani wa zama zake akitaja mambo matatu yaliyowaumiza: kukaa kitini bila kuondoka, mkono kwenda mwendo uleule bila kukoma, na mkazo wa akili wa mtu anayejitahidi asikosee. Alimweleza karani mmoja wa hati aliyemfahamu, ambaye mkono wake wa kulia ulichoka hadi ukapooza. Akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na haukupita muda mrefu nao ukapatwa na maradhi yaleyale. Kila anayehamisha kipanya upande wa pili kwa sababu mkono wa kulia unauma, huku saa zake za kazi zikibaki zilezile, angefaa kuikumbuka habari hiyo.

Misuli mingi inayovuta vidole haiko kiganjani. Iko katika kigasha, yaani sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo, nayo huviendesha vidole kwa kano ndefu zinazopita kifundoni. Upande wa kiganja, kano tisa hupita pamoja na mshipa mmoja mkubwa wa fahamu ndani ya njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa na ukanda mgumu. Kano zikivimba, au kifundo kikikaa kimepinda kwa saa nyingi, mshipa huo hubanwa, na ganzi huanza katika dole gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Ganzi ikiwa katika kidole kidogo na nusu nyingine ya kidole cha pete, mara nyingi mshipa unaobanwa ni mwingine, ule unaopita nyuma ya kiwiko.

Misuli nayo ina shida yake. Msuli uliokazwa, hata kwa nguvu kidogo tu, huminya mishipa midogo ya damu iliyomo ndani yake. Kidole cha shahada kinachoning'inia juu ya kitufe cha kipanya kikisubiri kubofya hakionekani kama kinafanya kazi, lakini msuli wake haujalegea hata mara moja. Sekunde 20 za kuuacha ulegee kabisa hurudisha damu. Ndiyo maana mapumziko mafupi ya mara kwa mara huufaa mwili kuliko pumziko moja refu lililochelewa. Mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza hutoa ushauri huohuo kwa wanaotumia skrini: dakika 5 hadi 10 kila saa ni bora kuliko dakika 20 kila baada ya saa mbili. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1990 kuhusu kazi za skrini ilishamtaka mwajiri apange kazi ya siku ili ikatizwe mara kwa mara kwa mapumziko au kwa kazi ya aina nyingine.

Kuna hofu moja inayostahili kujibiwa mapema, nayo ni kwamba mapumziko yatapunguza kazi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ulifanywa kwa watu waliokuwa wakiingiza data kwenye kompyuta, wakaongezewa pumziko la dakika 5 katika kila saa ambayo kwa kawaida haikuwa na pumziko, jumla dakika 20 zaidi kwa siku. Maumivu ya mwili na uchovu wa macho vilipungua, na kiasi cha kazi hakikushuka. Hata hivyo ni lazima niseme wazi kwamba kupunguza maumivu ya siku hiyo si sawa na kuzuia ugonjwa wa miaka ijayo, na ushahidi wa hilo la pili ungali mdogo. Programu hizi ni kinga ya busara, si dawa.

Kabla ya kusakinisha chochote

Tumia siku mbili za kawaida kujichunguza. Weka karatasi kando ya kibodi na uandike saa ulizokaa mfululizo bila kuondoa mikono, mahali palipochoka kwanza, na kazi uliyokuwa ukiifanya. Mwandishi wa hati ndefu huchosha mikono yote miwili. Mchoraji au mhasibu anayezunguka katika majedwali huchosha mkono wa kipanya peke yake. Mwandishi wa programu huweza kukaa dakika kumi akitazama msimbo bila kugusa kitu, kisha akaandika kwa kasi kwa dakika tatu. Vipimo vya kila mmoja vitakuwa tofauti, na bila karatasi hiyo utakuwa unabahatisha.

Siku hizohizo rekebisha meza na kiti, kwa kuwa pumziko haliwezi kufuta madhara ya kukaa vibaya kwa saa nane. Viwiko vikae karibu na mbavu vikiwa vimekunjwa takriban nyuzi 90 au zaidi kidogo, vifundo viwe vimenyooka, kipanya kiwe karibu na kibodi ili bega lisinyooshwe kukifuata, na ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini yake kidogo. Anayetumia kompyuta mpakato siku nzima hawezi kupata yote mawili, skrini ya juu na kibodi ya chini, mpaka aongeze kibodi ya nje. Fedha ya kununua kitu kimoja ikipatikana, na iende hapo.

Kwa nini kengele ya simu haitoshi

Wengi huanza kwa kuweka kengele ya kila nusu saa. Kengele haijui ulichokuwa ukifanya. Italia dakika moja baada ya wewe kurudi kutoka kwenye mazungumzo marefu, na utaipuuza kwa haki. Ukishaipuuza mara tatu kwa haki, utaipuuza mara ya nne bila haki.

Programu iliyoundwa kwa kazi hii hufuatilia kama kibodi na kipanya vinatumika. Mikono ikitulia, kihesabio husimama. Ikitulia kwa muda unaolingana na pumziko lenyewe, programu huhesabu kuwa umeshapumzika na kuanza upya kutoka sifuri. Kwa mfano, ikiwa pumziko lako dogo ni la sekunde 30 nawe ukatulia sekunde 30 ukisoma aya, hutasimamishwa bila sababu. Tabia hii ndiyo inayoamua kama chombo kitaheshimiwa au kitazimwa, kwa hiyo usichague programu isiyokuwa nayo.

Kuchagua programu

Kwa Windows na Linux, Workrave ndiyo kongwe na yenye mipangilio mingi zaidi miongoni mwa zile ninazozipendekeza. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Ina vihesabio vitatu: pumziko dogo, pumziko refu, na kikomo cha siku. Inaonyesha mazoezi mepesi wakati wa pumziko refu na kuweka takwimu za kila siku. Kwa mwenye dalili tayari, ningeanzia hapo.

Stretchly nayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi, hufanya kazi katika Windows, macOS na Linux, na ni pole zaidi kwa anayeanza. Watumiaji wa Linux wana Safe Eyes, ambayo imeelemea zaidi upande wa macho lakini hutumika vizuri kwa mikono pia. Katika macOS kuna Time Out, iliyotumiwa na watu wengi kwa miaka mingi. Wanaotumia GNOME, yaani sura ya madirisha na menyu katika matoleo mengi ya Linux, kuanzia toleo la 48, lililotoka Machi 2025, watakuta vikumbusho vya macho na vya kunyanyuka ndani ya mipangilio ya mfumo wenyewe, bila kusakinisha kitu. Ni vya msingi tu, lakini kwa mtu asiye na maumivu vinaweza kutosha.

Pakua programu kutoka tovuti ya watengenezaji wake au kutoka hazina rasmi ya mfumo wako, si kwingineko. Programu inayotazama kibodi imepewa dhamana kubwa. Zile nilizozitaja hutazama kama kibodi na kipanya vinatumika, hazihifadhi kilichoandikwa. Programu isiyojulikana ilikotoka haina wa kuidhamini kwa hilo. Katika kompyuta ya mwajiri, omba idhini kwanza.

Kusakinisha na kujaribu kama inahesabu kweli

Baada ya kusakinisha, iruhusu ianze yenyewe kila kompyuta inapowashwa. Programu inayongoja kufunguliwa kwa mkono haitafunguliwa siku ya kazi nyingi, na siku hiyo ndiyo inapohitajika.

Kisha fanya jaribio la dakika tano ambalo watu wengi huliruka. Fungua dirisha la kihesabio, andika mfululizo kwa dakika moja, na utazame kama muda unasonga. Ondoa mikono na utazame kama unasimama. Sogeza kipanya peke yake, uone kama nacho kinahesabiwa. Katika macOS mfumo unaweza kuomba ruhusa kabla ya programu kufuatilia matumizi ya kibodi; ikinyimwa, programu itaonekana iko hai huku haihesabu sawasawa. Katika Linux tatizo kubwa ni Wayland, mfumo wa kuonyesha madirisha ambao umechukua nafasi ya X11 katika matoleo mengi mapya. Wayland kwa makusudi huzizuia programu kuchungulia kibodi nje ya madirisha yao, jambo jema kwa usalama, lakini baadhi ya programu za mapumziko hupoteza uwezo wa kujua kama unafanya kazi au umetulia. Jaribio likishindwa, tafuta toleo jipya zaidi la programu au ingia katika kikao cha X11 kama mfumo wako bado unakiruhusu. Usiendelee na kihesabio kinachodanganya.

Kuweka vipimo

Hapa ndipo pa kukaa kwa utulivu, kwa sababu vipimo vinavyokuja na programu viliwekwa kwa mtu wa jumla ambaye si wewe.

Workrave huja na pumziko dogo la sekunde 30 kila baada ya dakika 3 za kazi, pumziko refu la dakika 10 kila baada ya dakika 45, na kikomo cha saa 4 kwa siku. Anayeona namba hizo kwa mara ya kwanza hushtuka. Tuzihesabu: katika dakika 45 za kazi isiyokatizwa, mapumziko madogo yanaweza kufika 14, ambayo ni dakika 7 kwa jumla. Kwa hakika yatakuwa machache kuliko hapo, kwa kuwa kila unapotulia kufikiri kihesabio huanza upya. Kikomo cha saa 4 nacho hakihesabu saa za kukaa ofisini, bali saa ambazo mikono inatumika, na watu wengi hugundua kwa mshangao kwamba siku yao ya saa nane ina saa nne au tano tu za namna hiyo. Vipimo hivi vimekazwa kwa faida ya mtu ambaye mikono yake imeshaanza kulalamika.

Stretchly huja na vipimo laini: sekunde 20 kila baada ya dakika 10, na pumziko refu la dakika 5 kila nusu saa.

Kwa mtu asiye na maumivu, ushauri wangu ni kuanza na sekunde 20 kila baada ya dakika 10, na dakika 5 kila baada ya dakika 45. Kaa hapo wiki nzima bila kubadili. Wiki ya pili tazama jambo moja: mwisho wa siku, je, mabega na vigasha vimekaza? Vikiwa vimekaza, punguza muda kati ya mapumziko madogo hadi dakika 7, kisha 5, kabla ya kugusa urefu wa pumziko lenyewe. Kuongeza idadi ya mapumziko husaidia zaidi kuliko kuyarefusha, ingawa huudhi zaidi kidogo, ndiyo maana hatua ziwe ndogo na kila moja ipewe siku kadhaa.

Kwa mwenye dalili nyepesi zinazokuja na kuondoka, anza na sekunde 30 kila baada ya dakika 5, na dakika 10 kila baada ya dakika 40 au 45, na uweke kikomo cha siku. Kikomo hicho kiwe chini kidogo ya saa unazofanya kazi sasa, si nusu yake. Kikomo kisichowezekana hufundisha mkono kubofya kitufe cha kukiruka. Mtu aliyekuwa akifikisha saa 6 za mikono kwa siku na aweke saa 5 na nusu, ashushe tena baada ya wiki mbili.

Macho nayo yaangaliwe kwa vipimo hivyohivyo. Kanuni inayojulikana ya macho husema kila dakika 20 utazame kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Pumziko dogo la kila dakika 10 limeshaizidi, kwa hiyo huhitaji programu ya pili kwa ajili ya macho. Vikumbusho viwili vinavyogombana ni vibaya kuliko kimoja kilichopangwa vizuri.

Weka pia onyo la kutangulia, sekunde 10 hivi kabla ya pumziko dogo na sekunde 30 kabla ya pumziko refu. Onyo humruhusu mtu amalize sentensi. Akili iliyokatwa katikati ya sentensi hubaki na mkazo, na pumziko linageuka kuwa kungoja.

Kuahirisha, kuruka na kufungwa

Programu nyingi huweka vitufe viwili kwenye dirisha la pumziko: kimoja cha kuahirisha kwa dakika chache na kingine cha kuruka kabisa. Katika wiki ya kwanza acha kitufe cha kuahirisha na uondoe cha kuruka. Kuahirisha kunakubali kwamba deni lipo; kuruka kunalifuta kwenye kumbukumbu ya programu ilhali msuli unaendelea kulidai.

Muda wa kuahirisha uwe mfupi, dakika 2 au 3. Ukiweka dakika 15, umejiandikia ruhusa ya kufanya kazi saa nzima bila kusimama. Baadhi ya programu huruhusu kuwekea ukomo idadi ya kuahirisha. Weka mara moja kwa kila pumziko, mbili zikizidi.

Sasa kuna suala la kuifungia skrini. Workrave inaweza kutofunga chochote, kuzuia kibodi na kipanya, au kufunika skrini nzima. Stretchly ina hali kali inayokataa pumziko kukatizwa kabla ya wakati. Wapo wanaopendekeza ukali tangu siku ya kwanza, nami sikubaliani nao. Mtu aliyefungiwa skrini wakati mteja yuko kwenye simu ataiondoa programu jioni hiyohiyo, na programu iliyoondolewa haimkingi mtu. Anza bila kufunga. Baada ya wiki mbili, angalia ni mapumziko mangapi uliyaahirisha au kuyapuuza. Ikiwa ni zaidi ya nusu, basi funika skrini kwa mapumziko marefu peke yake na uyaache madogo yawe huru. Hali kali kabisa ibakie kwa mtu mwenye maumivu ambaye ameshajithibitishia kwamba bila kulazimishwa hasimami. Kwa huyo ni rehema.

Ukijikuta unaahirisha pumziko saa ileile kila siku, usijilaumu, badili ratiba. Huenda saa hiyo ni ya kujibu barua, na pumziko refu lingewekwa vizuri zaidi dakika kumi kabla yake.

Cha kufanya pumziko likifika

Pumziko dogo lina sharti moja tu: mikono iachie kila kitu. Ondoa mkono kwenye kipanya, maana mkono uliolazwa juu yake bado umekazwa. Viache vigasha vilale mapajani viganja vikitazama juu, shusha mabega, legeza taya, toa pumzi kwa kirefu, na utazame mbali. Huhitaji zoezi lolote. Sekunde 20 hizo zikijazwa mazoezi ya haraka, msuli uliokuwa unahitaji kulegea hupewa kazi nyingine.

Simu isishikwe. Nalisisitiza hili kwa sababu ndilo kosa ninaloliona kwa kila mtu ninayemwelekeza: kompyuta inasema pumzika, na papo hapo dole gumba linaanza kupandisha skrini ya simu, shingo imeinama, kifundo kimepinda. Kwa programu hilo ni pumziko kamili; kwa kano ni zamu ya ziada.

Pumziko refu ni la kunyanyuka. Tembea, nenda kanywe maji, ongea na mtu, fanya kazi ndogo isiyohitaji vidole. Ukipenda kunyoosha viungo, fanya polepole: nyoosha mkono mbele kiganja kikitazama chini, kwa mkono wa pili vuta vidole taratibu kuelekea kwako mpaka uhisi mvuto mwepesi, shikilia sekunde 15 hivi huku ukipumua, kisha fanya hivyo kiganja kikitazama juu. Zungusha mabega nyuma mara chache. Mvuto ukigeuka kuwa maumivu, umepita mpaka, acha. Usitikise kiganja kwa nguvu wala usikibonyeze kifundo mpaka kilie. Mwenye ganzi au uvimbe asifanye mazoezi ya kwenye skrini kabla hajaonwa na mtaalamu, hata kama picha zake zinavutia.

Mikutano, kusoma, na kompyuta mbili

Siku ya kueleza jambo mbele ya watu, programu isimamishwe kwa muda maalumu badala ya kuzimwa. Stretchly hukuruhusu kuisimamisha kwa saa moja au mpaka asubuhi, na Workrave ina hali ya kimya ambayo huficha madirisha ya mapumziko huku ikiendelea kuhesabu. Chagua daima njia inayorudi yenyewe. Programu iliyozimwa kwa ajili ya mkutano wa Jumatatu hukutwa bado imezimwa Ijumaa.

Kusoma hati ndefu ni kinyume chake: mikono haiendi, kihesabio kimesimama, lakini shingo na macho viko kazini. Workrave ina hali ya kusomea, ambamo muda huendelea kuhesabiwa hata kibodi isipoguswa. Katika programu isiyo na hali hiyo, zima kwa muda ufuatiliaji wa utulivu, ukikumbuka kuurudisha.

Anayetumia kompyuta ya kazini mchana na ya nyumbani usiku asakinishe programu katika zote mbili na agawe kikomo cha siku. Mkono ni uleule. Saa 4 za huku na saa 4 za kule ni saa 8 kwa mkono huo, ingawa kila kompyuta itadai kwamba umejitunza.

Kusoma takwimu

Mara moja kwa wiki fungua takwimu. Usihangaike na idadi ya vitufe ulivyobonyeza. Tazama uwiano wa mapumziko yaliyotimizwa dhidi ya yaliyoahirishwa, saa za matumizi kwa siku, na matumizi ya kipanya, kisha vilinganishe na karatasi ya dalili uliyoianza siku za mwanzo, ambayo inafaa uendelee kuijaza kwa mstari mmoja kila jioni. Siku yenye maumivu ikikutana na siku ya kipanya kingi mara tatu au nne, umepata la kurekebisha: jifunze njia za mkato za kibodi kwa kazi unazorudia, au tafuta kipanya kinacholingana na kiganja chako. Siku yenye maumivu isipofuata siku yenye kazi nyingi, chanzo huenda kiko nje ya kompyuta, pengine usingizi uliolaliwa kwa mkono uliopinda, au mzigo unaobebwa, au ala ya muziki, na hakuna kipimo cha programu kitakachokifikia.

Wakati wa kwenda kwa daktari

Maumivu yanayokwisha usiku mmoja baada ya siku nzito yanaweza kushughulikiwa kwa vipimo. Lakini nenda kwa daktari ikiwa ganzi inakuamsha usiku, ikiwa vitu vinakuponyoka mkononi, ikiwa huwezi kufungua kifuniko ulichokuwa ukikifungua bila shida, ikiwa msuli ulio chini ya dole gumba unaonekana kunywea, ikiwa kuna uvimbe, au ikiwa maumivu yamedumu wiki kadhaa licha ya kupumzika sawasawa. Usingoje na usijitibu kwa kufunga kifundo mchana kutwa kwa bandeji iliyokazwa, wala usimeze dawa za maumivu ili kufikia tarehe ya kukabidhi kazi. Dawa huzima onyo lilelile ulilosakinisha programu nzima kulisikiliza. Mshipa wa fahamu uliobanwa kwa muda mrefu huweza kubaki na udhaifu hata baada ya kufunguliwa.

Unapokwenda, chukua karatasi yako ya dalili na takwimu za programu za mwezi mmoja uliopita. Daktari atakuuliza unafanya kazi saa ngapi, na kwa kawaida watu hukadiria; wewe utamwonyesha saa halisi za mikono, siku zilizozidi, kidole kilichoanza kufa ganzi, na tarehe kilipoanza.